Waamuzi wenzangu naombeni ushauri: nitawatulizaje wachezaji bila kugawa kadi kama njugu?

KipengaKipya:
Wakuu, habari za muda huu. Huu ni msimu wangu wa pili kuchezesha soka, ligi ya chini ya watu wazima. Jumamosi nimetoa njano saba na nyekundu moja kwenye mechi ambayo, nikitafakari, haikuwa na rafu mbaya hata moja. Karibu zote zilikuwa za mdomo na ukaidi: huyu analalamika, yule kaubutua mpira baada ya filimbi, mwingine kagoma kurudi mita 9.15 kwenye frikiki. Nyekundu ni njano ya pili ya namba nane mmoja aliyenipigia makofi ya kejeli.

Baada ya mechi mtathmini wa waamuzi kanifuata chumbani: "Kadi zako zote ni halali, ila tano umezitengeneza mwenyewe." Akaondoka! Nikikaa kimya wananiona sioni, nikiongea wananizoea. Ninyi mnafanyaje?

RefaMstaafu:
Huyo mtathmini kakupa dawa chungu. Nikuulize: kadi ya kwanza ilitoka dakika ya ngapi, na kabla ya hapo ulishaongea na nani?

Nauliza kwa sababu robo saa ya kwanza ndiyo wanayokupima. Kiungo akivuta jezi dakika ya nne hatafuti mpira, anatafuta kujua wewe ni nani. Mimi nilikuwa nampitia karibu mchezo ukiendelea, wala simtazami: "Namba nane, ile jezi nimeiona." Basi. Hajaaibika mbele ya wenzake, kwa hiyo hana haja ya kunijibu ili aonekane mwanaume. Akirudia, nasimamisha, namwita pembeni, namwonyesha kwa mkono pale na pale alipofanya, uwanja mzima ukitazama. Mara ya tatu namwita pamoja na nahodha wake. Ikifika kadi, hata benchi lao linajua kaitafuta.

Filimbi nayo inaongea. Faulo ndogo, puliza kifupi. Rafu ya hasira, puliza kwa nguvu na ufike haraka ukae katikati yao kabla hawajatazamana. Ukiwa mita 30 nyuma, maneno yako hayana kazi.

Na usimwambie mtu mzima "nyamaza". Neno hilo limeniletea kesi nyingi kuliko kuotea.

MamaWavu:
Kwetu wavu ngazi hizo zimeandikwa kabisa kwenye sheria. Kosa dogo la nidhamu, kwanza ni onyo la mdomo kupitia nahodha aliye uwanjani. Likiendelea ni kadi ya njano, na njano yetu haina adhabu, inaandikwa tu kwenye karatasi ya mchezo. Nyekundu ndiyo inayowapa wapinzani pointi. Ninyi wa soka mnajijengea ngazi wenyewe kichwani. Ila msituige kila kitu, timu zetu zimetenganishwa na wavu na mwamuzi kakaa juu, hazingirwi na mtu 😀

BekiMkorofi:
Niongee kwa niaba ya sisi tunaolimwa kadi. Kinachonipandisha hasira si uamuzi, ni refa kunigeuzia mgongo nikimuuliza. Refa mmoja nilimwambia nimegusa mpira, akanijibu: "Umegusa, lakini umeanza na mguu wake." Nikanywea, maana ilikuwa kweli. Mwingine alikiri kwamba pale alipokuwa amesimama hakuona vizuri. Huyo sikumsumbua tena hadi mwisho. Nadhani nilimwonea huruma.

FilimbiMbili:
Mnampeleka kijana shimoni. Kuna mambo hayazungumziki. Rafu ya kuhatarisha usalama wa mwenzako, kutema mate, matusi: Sheria ya 12 inasema nyekundu, hakuna kumpitia karibu wala kumwita pembeni. Na anayekufokea hadharani ukimchekea, safari ijayo anakuja na watano.

Kwa hao watano, shikilia nahodha mmoja tu. UEFA walifanya hivyo Euro 2024: nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumfuata refa kuomba ufafanuzi, na nahodha akiwa kipa, timu inateua mchezaji mwingine asiye kipa. Raga wamezoea hilo siku nyingi. Kule ukibwatuka baada ya penalti (pigo la adhabu la raga), inasogezwa mita 10 mbele.

RefaMstaafu:
FilimbiMbili, hatujapingana. Kadi ya lazima haijadiliwi. Ila kumbuka kadi zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, na wazo lilimjia refa Mwingereza Ken Aston baada ya vurugu za robo fainali ya 1966, Uingereza na Argentina, ambako haikueleweka vizuri nani ameonywa. Onyo lilikuwepo kabla. Kadi ililetwa ili watu walione.

KipengaKipya:
Nimekaa nikahesabu. Kadi ya kwanza ilikuwa dakika ya 31. Kabla ya hapo sikuwa nimeongea na mtu hata mmoja, nilidhani naacha mpira utembee. Halafu nikatoa tatu ndani ya dakika nane. Na ile ya ukuta nilikuwa nafoka "rudini nyuma" nikiwa mbali.

RefaMstaafu:
Ehee! Kwenye ukuta usifoke. Mwambie mpigaji asubiri filimbi, nenda mwenyewe usimame pale unapowataka, uwaite waje kwako. Mtu akiitwa anakuja kirahisi kuliko akifukuzwa.

KipengaKipya:
Mrejesho wa leo, wakuu. Njano mbili. Moja kwa beki aliyezuia shambulizi la hatari kwa kumshika mtu, hiyo haikuwa na mjadala. Nyingine dakika ya 70 kwa kiungo niliyeshamwambia mara mbili na kumwitia nahodha wake. Kaiangalia, kageuka, kaondoka bila neno. Ukuta mmoja tu ndio ulinisumbua, nilisahau kumzuia mpigaji na akapiga nikiwa bado natembea.

Baada ya mechi nahodha wa wageni kaniuliza kama kawaida yangu ni kuongea hivi.

BekiMkorofi:
Ukampa njano? 😂