Digrii ya jioni ama kozi fupi za kalibresheni? Nisaidieni mawazo

MtuWaMaabara: Wadau salaam. Niko na diploma, nafanya kwa maabara ya kituo cha utafiti hapa Mombasa. Mezani kuna mawili, digrii ya jioni ama kozi fupi za ISO 17025 (kiwango cha ubora cha maabara za vipimo) na kalibresheni, yaani kuhakiki mashine zapima sawasawa. Pesa ni ya moja tu na mwisho wa mwezi niwe nishaamua. Ipi itanipandisha haraka?

BintiTudor: Swali nusu hilo. Umeajiriwa ama ni kontrakti ya mradi? Nani alipa? Na maabara ya nini, maana kama ni ya hospitali 17025 si yenu, yenu ni 15189, ya maabara za tiba.

FundiMitambo: Kalibresheni, usiulize mara mbili. Wenye digrii wamejaa na spektrofotomita, ile mashine ya kupima kwa mwanga, ikizima wote wasimama waitazama. Juzi pipeti (kifaa cha kuchota maji kwa kipimo) ya mililita 1 nimeipima kwa maji juu ya mizani, yatoa gramu 0.93 badala ya kama 1, na watu washaitumia msimu mzima kuandika ripoti.

MwanaLikoni: @FundiMitambo na hiyo 0.93 ikakupandisha cheo? 😂 Kazi za serikali zaangalia karatasi bwana. Diploma ina dari yake, ukiigonga wakaa hapo mpaka ustaafu.

SamakiMbichi: Hizo kozi fupi ngojeni niwaambie yaliyonipata. Nililipa mfukoni mwangu kozi ya wiki moja ya HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali, nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, kufika ni ukumbi wa hoteli tumejazana, mashine twaonyeshwa kwa projekta tu, slaidi baada ya slaidi, Ijumaa ndio tukapelekwa kuona moja nayo haina hata kolamu, ile tyubu inayotenganisha, mwalimu ati "mtafanya mkirudi kwenu", kwetu wapi na kwetu hakuna?? Cheti kizuri wallahi, kina mhuri wa dhahabu, bosi akakitazama akasema hongera, ikaisha hapo.

BintiTudor: Pole. Kabla ya kulipa uliza mashine ngapi kwa watu wangapi. Na kama mwajiri wako alipa ile levy ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, aweza kudai arudishiwe gharama ya mafunzo, ila waidhinishe kabla hujaenda. Wengi hawadai, uvivu tu.

MtuWaMaabara: Ni kontrakti, maabara ya maji ya bahari. Nalipa mwenyewe.

MwanaLikoni: Sasa hilo ndilo la kusema mwanzo! Mradi ukiisha nani atakujua kwa kalibresheni? Ingia TUM, chuo kikuu cha ufundi hapa Mombasa, jioni.

FundiMitambo: Jioni na wewe wakaa Likoni, ferry ikikwama wafika darasa limetoka.

MwanaLikoni: Mwenye kusoma ni yeye, si mimi. Na nani kasema yeye yuko Likoni?

PwezaMweusi: Mimi shida yangu nyingine kabisa. Twaingia baharini, twachukua sampuli, twapima usiku kucha, halafu kwa jarida jina la fundi halipo, labda mstari wa shukrani mwishoni. Uingereza tangu 2017 vyuo vyatia saini Technician Commitment, mafundi watambuliwe na wapewe njia ya kupanda. Hapa?

SamakiMbichi: Hapa wapewa soda.

BintiTudor: @MtuWaMaabara OceanTeacher ya UNESCO ina kituo cha mafunzo hapo KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, Mkomani. Za kwao nyingi ni data ya bahari, mashine hutafungua, lakini kwa CV ya maji ya bahari zakaa vizuri.

MtuWaMaabara: Shukran. Bado nimegawanyika, lakini nitauliza hiyo ya NITA.

PwezaMweusi: Tukiwa hapa, nani ajua mtu wa kutengeneza autoklevu, ile ya kuua viini kwa mvuke? Yetu yavuja mvuke mlangoni.

FundiMitambo: Gasketi hiyo. Msiiwashe tena, njoo PM na picha.