Mkate wa sinia umenigomea mara mbili, nimekosa wapi?

Bint_Langoni: Assalaam alaykum wapendwa. Nauza mkate wa sinia hapa Lamu mwaka wa tatu sasa, na wiki hii masinia mawili yameniharibikia. Mchele nimeuroweka usiku kucha, nikausaga na tui, iliki, sukari na hamira, nikaufunika. Baada ya saa mbili nafunua, hata kiputo kimoja hakuna! Nikauoka hivyo hivyo, ukatoka mzito kama sabuni ya mche. Hamira ni pakiti ile ile. Jirani yuwasema ni kijicho.

Shangazi_Shela: Kijicho kikae kando kwanza. Tui lilikuwa limepoa? Na sukari kiasi gani?

Bint_Langoni: Lilikuwa la moto shangazi, nazi nilizikamua kwa maji yaliyotoka jikoni. Sukari vikombe viwili kwa viwili vya mchele, mteja anautaka mtamu hasa. Kwa kawaida natia kimoja.

Shangazi_Shela: Basi umeichemsha hamira mwanangu. Tui litie kidole, likikuunguza na hamira limeiunguza.

Mwalimu_Malindi: Shangazi kasema kweli. Hamira ni kuvu hai wa seli moja. Hula sukari, hutoa gesi ya kaboni dioksaidi na alkoholi kidogo, na gesi hiyo ndiyo vile vitundu vya mkate. Kwenye nyuzi 30 hadi 35 hustawi, zikikaribia 60 hufa. Na sukari ikizidi huivuta maji nje ya seli: imezungukwa na chakula lakini kiu yaidumaza. Ijaribu: maji vuguvugu nusu gilasi, sukari kijiko cha chai, hamira kijiko. Ngoja dakika 10.

Mnazi_Mmoja: Sisi huku Malindi hatununui pakiti 😄 Tembo la mnazi la asubuhi ni tamu, jioni kali, na hakuna aliyetia kitu, hamira imo hewani na kwenye kibuyu. Marehemu nyanya aliumulia vitumbua vyake tembo tamu.

Bint_Langoni: Ngojeni, mwalimu umesema alkoholi? Kwenye mkate wangu?

Mwalimu_Malindi: Ni kidogo, na nyingi huondoka na mvuke ukioka. Hukumu yake muulize ustadhi, mimi ni wa kemia.

Bint_Langoni: Nimejaribu. Povu limepanda mpaka ukingo wa gilasi, pakiti haina kosa. Tui jipya liko dirishani lapoa. Sukari kikombe kimoja, na huyo mteja nitamchemshia shira ajimiminie mwenyewe.