Kamera za fomati ya kati za megapikseli 100: andikeni muda wa kusoma sensa, tumechoka kufichwa!

Wakuu, uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitaomba radhi.

Kila ikitoka kamera mpya ya fomati ya kati (ile yenye sensa, kipande kinachonasa picha, kubwa kuliko ya kamera za kawaida) yanafuata mapitio yaleyale ya saa mbili. Mtu kapewa kamera siku ya uzinduzi, kampiga picha mwanamitindo aliyetulia chini ya taa za studio, kaikuza picha mpaka kope zikahesabika, basi anatuandikia kwamba rangi zake hazina mfano. Unasoma mpaka mwisho hupati namba moja ya kukusaidia kuamua. Watengenezaji nao wanajaza karatasi ya sifa mpaka idadi ya nukta za skrini ya nyuma, lakini namba inayoamua kamera hii inafaa kazi gani na haifai kazi gani karibu hakuna anayeiandika: sensa inachukua muda gani kusomwa kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Mahali pake wanaandika kwa wino mzito "shata ya kielektroniki hadi 1/16000", yaani sensa inajiwasha na kujizima yenyewe bila pazia, kwa sehemu ya 16,000 ya sekunde. Mnunuzi anasoma, anaamini kamera itamgandisha ndege angani. Haitamgandisha. Namba ile ni muda ambao mstari MMOJA wa pikseli unapokea mwanga. Sensa ya megapikseli 100 ina mistari 8,742 na haipokei mwanga kwa pamoja, inapokezana zamu. Nyingi za ukubwa wa mm 43.8 × 32.9, zikiwa kwenye biti 16 (undani wa viwango vya mwanga vinavyorekodiwa kwa kila pikseli), zinahitaji takriban theluthi moja ya sekunde kumaliza zamu zote. Kwenye biti 14 ni kama nusu ya hapo. Ukigawanya, kila mstari unakula kama mikrosekunde 37, na ndiyo maana muuzaji anaweza kukutajia kasi ya ajabu bila kusema uongo hata neno moja.

Sasa mweke mtu anayetembea mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, awe amejaa fremu kutoka utosini hadi viatuni. Kuanzia mstari wa kichwa hadi mstari wa miguu ameshasogea zaidi ya sentimita 40. Kichwa kimeandikwa akiwa hapa, viatu vimeandikwa akiwa kule mbele. Anatoka ameinama kama mnazi uliozoea upepo wa upande mmoja. Ukiigeuza kamera wima, mistari inasomwa kutoka ubavu hadi ubavu: akitembea kufuata upande unakoelekea usomaji anatoka mnene, akitembea kinyume anatoka mwembamba. Na si lazima kitu kitembee. Piga fremu ya mlango ukiwa umeishika kamera mkononi, miimo yake inajipinda kama imelowa. Kituliza mtetemo kinapunguza hilo, hakiliondoi. Hakuna programu itakayokunyooshea vizuri kwa sababu kila mstari umepinda kwa kiasi chake.

Mapitio ya saa mbili hayalioni hili kwa sababu mwanamitindo aliambiwa atulie!

Kipimo chake hakihitaji maabara, na hiki ndicho kinachonikera zaidi. Tafuta taa inayopepesa: LED ya bei ya chini, au ile mirija mirefu ya zamani yenye balasti nzito ya waya. Taa ikimulika karatasi nyeupe, jaza fremu nzima kwa karatasi hiyo na uiondoe kwenye fokasi. Weka shata ya kielektroniki, kasi 1/1000 au zaidi, panda ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) mpaka picha ionekane. Utaona mistari myeusi na myeupe imelala sambamba na upande mrefu wa picha. Hesabu ile myeusi tu, kutoka juu hadi chini. Umeme ukiwa wa Hz 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo kila mstari mweusi ni milisekunde 10. Mistari 32 ni sekunde 0.32. Umeme ukiwa wa Hz 60 gawanya kwa 120. Usipoona mistari, ama taa ina kidhibiti kizuri ama shata yako ni ya polepole mno. Kwenye Hz 50 kasi ya 1/100 inaifuta mistari yote kabisa, kwa hiyo usipimie hapo ukajifariji.

Rudia kwa biti 14, halafu kwa biti 16, kisha kwa kupiga mfululizo. Ukikuta mistari myeusi imepungua ghafla kwenye mfululizo huku menyu bado inasema biti 16, basi kamera imeshusha biti bila kukuambia. Baadhi zinafanya hivyo, na sababu iko wazi: kwa theluthi ya sekunde kwa fremu huwezi kuvuka picha 3 kwa sekunde, na picha 3 hazipendezi kwenye tangazo. Zile biti 2 za ziada zenyewe utazitafuta kwa tochi. Labda kwenye ISO ya chini kabisa ukiinua vivuli kupita kiasi. Lakini mtu amelipia biti 16, aambiwe amezipata lini na amezikosa lini.

Mtasema tumia shata ya kawaida, ile inayofunguka na kufunga kwa mitambo. Sawa, twende huko.

Kamera zenye shata ya pazia ndani ya mwili zinapiga flashi mwisho 1/125, kwa sababu pazia lina safari ndefu kuliko kwenye fulu fremu (sensa ya mm 36 × 24). Jua kali la saa sita, ISO 100, linakudai karibu f/16 kwa kasi hiyo (f ni tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua). Unataka f/2.8 na flashi nje? Una stopu 5 (kila stopu ni mwanga mara mbili) za kuzizuia kwa filta ya kupunguza mwanga, au uingie kwenye flashi ya kasi ya juu (inayotoa mapigo mengi mfululizo) inayomeza nguvu ya taa na kukuachia kidogo. Zile zenye shata ndani ya lenzi zinapiga flashi hadi 1/2000, baadhi ya lenzi mpya hadi 1/4000. Kwa 1/2000 jua lilelile linakuruhusu f/4 bila filta. Hapo nasifu, na nasifu kwa dhati.

Lakini hata huko kuna shimo lisilotajwa. Flashi kubwa za studio zinazodhibitiwa kwa kukata umeme zinawaka muda mrefu zaidi zikiwa kwenye nguvu kamili, na mwako huo unaweza kudumu kuliko 1/2000 yenyewe. Shata inafunga mwanga ukiwa bado unatoka. Mtu anadhani taa imechoka. Jaribu hivi: chumba cha giza, tundu lilelile la lenzi, piga 1/125 kisha 1/2000. Ya pili ikiwa nyeusi zaidi, shata inakukatia mwanga. Shusha nguvu hadi robo na usogeze taa karibu. Mwako unafupika na picha mbili zinalingana. Zisipolingana, shaka ihamie kwenye kichochezi cha redio, kinachelewa.

Na ukifunga lenzi ya zamani kwa adapta kwenye mwili usio na pazia, hakuna shata nyingine isipokuwa ile ya kielektroniki. Umerudi kwa mtu aliyeinama. Flashi ndiyo usahau kabisa, maana mwako ni wa sehemu ndogo ya sekunde na wakati huo ni kamba nyembamba ya mistari tu iliyo wazi.

Sensa yenyewe siilalamikii, nieleweke. Kwenye ISO ya chini unainua vivuli stopu 4 na rangi inabaki safi. Ninacholalamikia ni jina na ahadi. Filamu ya 645, fomati ya kati ya enzi za filamu, ina mm 56 × 41.5. Sensa ya 44 × 33 ina eneo la asilimia 62 ya hiyo. Ile ya mm 53.4 × 40 iliyo kwenye Phase One IQ4 ya megapikseli 150 inafika asilimia 92. Zote zinauzwa kwa jina moja, "fomati ya kati", kana kwamba ni kitu kimoja. Ikilinganishwa na fulu fremu, 44 × 33 ni mara 1.67 kwa eneo, yaani robo tatu ya stopu. Kila pikseli ina mikromita 3.76, sawasawa na fulu fremu za megapikseli 61. Lenzi ya mm 80 kwa f/2.8 inatoa kina cha fokasi (sehemu inayoonekana kali mbele na nyuma) cha mm 63 kwa f/2.2 kwenye fulu fremu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ukungu wa nyuma wa kamera hizi hauwezi kupatikana kwingine, mwulize amewahi kuweka lenzi ya f/1.4 kwenye fulu fremu au la.

Faida halisi iko kwenye chapa kubwa. Pikseli 11,656 kwa nukta 300 kwa inchi ni karibu sentimita 99, na urefu sentimita 74. Fulu fremu ya megapikseli 61 inaishia kama 80 kwa 54. Kwa anayechapa mabango ya maonyesho au kunakili michoro, hiyo ni tofauti ya kulipia. Kwa anayepeleka picha kwenye simu kwa upana wa pikseli 2,048, asilimia 97 ya pikseli zinatupwa.

Na faida hiyo unaipoteza kirahisi mno. Ukifunga tundu hadi f/16, duara la mtawanyiko wa mwanga (mwanga unasambaa ukipita tundu dogo) linafika mikromita 21, karibu pikseli 6, na ukali umekwisha. Baki f/5.6 hadi f/8. Kina kisipotosha, piga fremu kadhaa ukisogeza fokasi hatua ndogo ndogo uziunganishe baadaye. Kwa lenzi ya mm 80 mkononi, 1/80 ya mazoea haitoshi, anza na 1/200 hata kama kituliza mtetemo kimewashwa. Kwenye tripodi tumia pazia la kwanza la kielektroniki (sensa inaanza yenyewe, pazia linafunga tu) na kuchelewesha sekunde 2, lakini kwa kasi za juu na tundu wazi rudi kwenye shata kamili, la sivyo miduara ya ukungu wa nyuma inakatwa upande mmoja. Nguo zenye nyuzi za karibu karibu zitakuletea mawimbi ya rangi kwa sababu sensa haina kichujio cha kulainisha. Sogea mbele au nyuma kidogo kabla ya kukimbilia kompyuta.

Faili moja ghafi (RAW) la biti 16 bila kubanwa ni MB 204. Picha 1,000 ni GB 204, na nakala yake nyingine hivyo hivyo. Ukiligeuza TIFF linakuwa MB 611 kwa tabaka moja, hivyo kompyuta ya kumbukumbu ya GB 16 itakwama ukifika tabaka chache. Ile hali ya kupiga fremu 16 huku sensa ikisogezwa kidogo kidogo kufikia megapikseli 400 inakula zaidi ya GB 3 kwa picha moja, na jani moja likitikisika katikati ya zoezi, hapo pameharibika.

Vumbi nalo. Miili isiyo na pazia inaacha sensa wazi kila ukibadilisha lenzi, na vijiti vya kusafishia vya upana wa mm 24 havifuniki kimo cha mm 33. Unapitisha mara mbili, unabaki na alama ya maji katikati. Nunua vya upana wake.

Kwa wanaoandika mapitio: hamna kisingizio. Taa na karatasi vinatosha na kazi ni ya dakika 5. Mwenye kamera hizi mkononi, aina yoyote, hesabu mistari uweke hapa chini kwa mpangilio huu: aina ya kamera, biti ngapi, picha moja moja au mfululizo, Hz za umeme, idadi ya mistari. Anayetaka kuja kutuambia rangi zake ni tamu, atangulize hizo namba kwanza.