Tupeane uzoefu: neno "scarcity" lilikukuta wapi, nawe ulilisemaje kwa Kiswahili?

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote. Kwa miaka kumi na mitano nimekuwa nikitafsiri nyaraka za Kiingereza, na hakuna neno lililonirudisha kwenye sentensi niliyokwisha kuimaliza mara nyingi kama "scarcity". Kamusi hunipa "uhaba", nami niliandika "uhaba" kila mahali, mpaka nilipobaini kwamba wenye lugha yao hawalitamki neno hilo kwa wepesi. Mwingereza aliyekosa maziwa dukani husema kwamba yamekwisha, au kwamba ameishiwa, na hali ikienea mji mzima atasema "shortage". "Scarcity" makao yake ni karatasini, kwenye magazeti, ripoti na vitabu vya uchumi. Mzizi wake ni neno "escars" la Kifaransa cha kale cha kaskazini, lililotokana na Kilatini chenye maana ya kitu kilichochumwa na kutolewa, na katika Kiingereza cha zama za kati hata mtu bahili aliweza kuitwa "scarce". Naomba kila mmoja aeleze lilivyomkuta.

Mwalimu wa uchumi, Morogoro
Mimi hukutana nalo kila mwaka, katika kipindi cha kwanza cha kidato cha tano. Mwaka 1932 Lionel Robbins, aliyekuwa akifundisha London School of Economics, aliieleza taaluma ya uchumi kuwa ni uchunguzi wa namna binadamu anavyogawanya nyenzo chache kwenye malengo mengi, na tangu hapo "scarcity" imekuwa hali isiyo na mwisho, inayomhusu tajiri na maskini, kwa kuwa hata mwenye ghala lililojaa hana zaidi ya saa 24 kwa siku. Mwanzoni mwa mwaka 2024, wakati mvua za El Nino zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikapotea madukani, binti mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, umesema uhaba hauishi. Mbona mama anasema uhaba wa sukari utaisha viwanda vikianza kusaga?" Swali lile lilikuwa la haki kabisa. Kiingereza cha darasani kina maneno mawili, moja la hali ya kudumu na jingine la kitu kilichopungua kwa muda na kwa bei fulani, ilhali mimi nilikuwa nimewapa neno moja kwa yote mawili. Tangu siku ile, katika kipindi changu "uhaba" ni "scarcity", na "upungufu" ni "shortage", ingawa nakiri kwamba sokoni hakuna anayeutazama mpaka huo.

Mzee wa Tanga
Wajukuu wangu husoma katika vitabu vya Kiingereza kwamba miaka ya mwanzo ya 1980 Tanzania ilikuwa na "scarcity". Sisi hatukuwa na jina la hali hiyo. Tulikuwa na bidhaa adimu. Sukari ilikuwa adimu, sabuni ilikuwa adimu, khanga ilikuwa adimu, na mwaka 1983 serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha au kulangua bidhaa, tulisikia kwamba watu wengine walivitupa vitu vyao usiku kwa kuogopa kukutwa navyo. Mbele ya duka la kaya, yaani duka la bidhaa za mgawo, tulipanga foleni ya mawe. Kila kaya iliweka jiwe lake alfajiri, mwenye jiwe akaenda shambani, na jiwe likasogezwa na jirani mwaminifu. La mama yangu lilikuwa jeupe, la pwani, lenye tundu. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Nikimsikia mtu akiyaeleza yote hayo kwa jina moja tu, naona watu wametolewa ndani yake.

Muuguzi, Manchester
Machi 2020 rafu za maduka hapa Uingereza zilibaki tupu, hasa za tambi na karatasi za chooni. Wiki zile nilisikia kila aina ya lalamiko kazini na kwenye basi, lakini sikumsikia hata mmoja akisema "scarcity". Neno lenyewe lilinijia kwa sura nyingine. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia aliniambia, niliporudi kutoka likizo, kwamba nimekuwa "scarce" siku hizi. Nilisimama pale mlangoni moyo umenijaa, maana ndivyo shangazi yangu wa Mombasa anavyonipokea kwenye simu: "Umeadimika, mwanangu."

Mfanyabiashara, Kariakoo
Katika masomo ya mauzo kwa Kiingereza neno hilo ni mbinu: mwambie mteja kwamba zimebaki tatu tu. Sisi husema "za mwisho hizo", na si haki kulisema hilo wakati stoo imejaa.

Mfasiri wa miradi ya maji, Kitui
Katika Kiingereza cha wataalamu wa maji neno hili lina kipimo. Kwa kigezo cha Malin Falkenmark wa Sweden, nchi yenye chini ya mita za ujazo 1,000 za maji kwa mtu kwa mwaka ina "scarcity", na Kenya huhesabiwa chini ya mstari huo. Niliwasomea akina mama "uhaba wa maji", wakanyamaza. Kisha mmoja akasema: "Maji yapo, ila yako mbali, na punda amekufa." Wazee wetu hapa waliipa njaa moja ya miaka ile ya 1980 jina la Kikamba, "nikw'a ngwete", yaani nakufa nimeshika, kwa kuwa fedha zilikuwa mkononi na chakula cha kununua hakikuwapo. Sijaona Kiingereza kinacholifikia.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Mzee wa Tanga na ndugu wa Kitui mmenigusa mahali pamoja: kitenzi na mtu mwenyewe hupotea nomino inapotawala. Mezani nina ripoti ambayo neno hili limo mara thelathini na moja. Penye vipimo nitaacha "uhaba". Kwingine nimeanza kuandika upya, na sentensi ya kwanza sasa inasomeka: "Wanawake wa kijiji hiki hukosa maji kuanzia Agosti, na huyafuata mtoni kwa miguu."