Nina menta wa Uingereza miezi 4 sasa ila kila kikao naitikia tu, naombeni ushauri

mratibu_pangani

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mratibu wa kaasasi kadogo huku Pangani, tuko watu 5 wote tunajitolea, mshahara hakuna, kazi yetu ni kuwarudisha shule mabinti waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba. Mwezi wa 5 niliomba kwenye programu moja ya mtandaoni inayokukutanisha na menta, yaani mtu mzoefu wa kukushauri, wa nchi nyingine, bure kabisa, nikapewa mama mmoja mstaafu wa Uingereza ambaye ameongoza shirika la misaada miaka mingi. Mama mpole, anasikiliza, sina neno naye.

Tatizo ni mimi. Kikao cha pili akaniambia anajua Tanzania binti akibeba mimba anafukuzwa na harudi tena, kwa hiyo tupange kampeni ya kudai sheria ibadilishwe. Jamani si wote tunajua waraka wa Wizara ya Elimu wa Novemba 2021 uliruhusu warudi? Shida yetu huku sio ruhusa, ruhusa ipo, shida ni binti akienda shule mtoto anabaki na nani, nauli anatoa nani, na kuna mwalimu bado anamsimanga mbele ya darasa zima. Nilitakiwa nimsahihishe palepale. Nikasema asante ni wazo zuri 🤦🏾‍♀️ tukapoteza vikao viwili vizima tunaandika kampeni ya kudai kitu ambacho tayari kipo!

Na la kweli linaloninyima usingizi sijamgusia hata kidogo. Mweka hazina wetu ameacha tangu mwezi wa 7, vitabu havijafungwa, wenzangu wawili hawaongei. Naogopa akijua atatuona wababaishaji, na huyu mama anajuana na wafadhili.

Halafu kuna la saa, hili mtacheka. Nilimwandikia kwa Kiingereza tukutane saa 2 usiku, nikaitafsiri hivyohivyo na ile 2 yangu, kumbe kwa hesabu yake ni saa 8 usiku ya huku, kwao saa 6. Akakaa macho mpaka saa 6 usiku ananisubiri mimi nimelala fofofo. Hakulalamika. Ndo nikazidi kumwogopa.

Nifanyeje, niache au?

Babu_Andiko

Usiache. Ila kubali kwanza kitu kimoja, wewe hujawahi kuwa na menta, umekuwa na mfadhili wa kufikirika miezi 4. Sisi watu wa asasi tumefundishwa na maandiko ya miradi kwamba mtu akiongea Kiingereza na ana nia njema basi unampelekea mafanikio, changamoto unaweka mstari mmoja mwishoni na pembeni yake unaandika imeshatatuliwa. Mimi nimeandika hivyo miaka 14 najua ninachosema 😂

2020 kipindi cha korona nilikuwa na menta wa Kanada, nikafanya hayahaya yako mpaka siku umeme umekatika katikati ya kikao nikabaki na simu, video imezima, sauti tu, na sijui ni giza lile au nini nikajikuta namwambia bajeti yetu nimeiandika mimi na siielewi. Yule mzee akacheka sana, akasema ya kwake ya kwanza alirudishiwa mara tatu. Kuanzia pale ndo tukaanza kazi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza zima kamera, sitanii. Inaokoa bando na inakuondolea ule uso wa intavyuu.

Wa pili, siku moja kabla mtumie WhatsApp mistari miwili tu, nini kimekushinda na unataka mtoke na nini. Kuandika jambo gumu ni rahisi kuliko kulisema mtu anakutazama, na Zoom ya bure ni dakika 40, ukianza na salamu na hali ya hewa ya kwao zimeisha.

NyarKisumu

Niko Kenya, nimepitia hizi mambo. Nakubaliana na babu hapo juu, lakini mimi nataka kuuliza kitu ingine, dadangu, hao wasichana unamwonyeshanga menta picha zao? Majina? Juu mimi nilikuwa nashare folda yote na menta wangu wa Ujerumani, fomu za watoto, namba za wazazi, kila kitu, nikidhani ndo uwazi. Kuna siku mwenzangu akaniuliza hao wazazi walikubali lini. Nikakosa jibu. Sisi tuko na sheria ya data ya 2019 na nyinyi pia mko na yenu ya 2022, na hata kama hakungekuwa na sheria, msichana wa miaka 16 amezaa, mji ni mdogo, jina lake linafanya nini kwa laptopu ya mtu huko ng'ambo? Menta hahitaji jina ndio akusaidie. Mwambie "binti wa kwanza", "binti wa pili", inatosha.

mratibu_pangani

Nimetuma picha mbili @NyarKisumu. Za sherehe ya kuwapokea. Naenda kuziomba zifutwe leoleo.

Kibarua wa Tanga

Mimi nitawaudhi ila nasema. Kwani Tanga nzima hakuna mtu? Huyo mama wa Uingereza atakusaidia nini na Msajili wa asasi? Anajua kwamba kanuni za 2018 zinakutaka utangaze hadharani fedha zinazozidi milioni 20 na mkataba wa mfadhili uupeleke kwa Msajili? Hajui na si kosa lake. Vitabu havijafungwa na ripoti ya mwaka inakusubiri, hilo unahitaji mhasibu mstaafu wa hapohapo akae na wewe Jumamosi mbili na risiti zako mezani, sio Zoom. Watu tunapenda menta wa mbali kwa sababu hatatuona sokoni. Huyo wa karibu atajua siri zako, ndo maana unamkwepa.

Babu_Andiko

Kibarua leo umeamka vizuri. Ila si lazima achague mmoja. La mweka hazina lina upande wa vitabu na upande wa watu wawili kununiana, na hilo la pili mtu wa mbali ndo mzuri maana hana shangazi kwenye ugomvi huo. Huku kwetu ukimuuliza yeyote tayari ana upande.

mbongo_leeds

Naomba niongee kutoka upande wa pili wa skrini. Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa pili huu ni menta wa kijana mmoja wa Malawi, shirika lao linahusika na visima. Nakwambia ukweli dada, kwa menta hakuna kitu kibaya kama mtu anayekubali kila kitu. Mwaka jana nilimshauri kijana wangu aajiri mhasibu wa nusu siku, akasema sawa, mwezi uliofuata sawa, baada ya miezi 5 ndo nikagundua hawana hata hela ya kulipa fundi pampu. Nilijiona mjinga, na nilikasirika kidogo, sio kwa kukataa ushauri, kwa kuniacha niendelee kuutoa. Na mimi ni Mwafrika mwenzake! Sembuse huyo mama.

La sheria usiombe msamaha mrefu. Mtumie ule waraka wenyewe na sentensi moja kwamba hali imebadilika tangu 2021 na ulichelewa kumwambia. Watu wengi huku taarifa yao ya mwisho kuhusu hilo jambo ni ya kabla ya huo mwaka, hawakuona ilipobadilika. Atashukuru.

Na saa, andikeni kwa mtindo wa saa 24 na muweke jina la mji, 20:00 Dar es Salaam. Halafu kumbuka Jumapili ya mwisho ya Oktoba huku saa zinarudishwa nyuma, kama mmezoea saa 12 jioni yake ambayo ni saa 2 usiku yako, itakuwa saa 3 usiku. Mwaka wa kwanza kijana wangu alinisubiri saa nzima akadhani nimemchoka.

mratibu_pangani

Nimerudi wakuu. Juzi nimemtumia mistari miwili kama babu alivyosema, kuandika tu imenichukua jioni nzima, nafuta naandika. Nimeweka waraka, nimeweka la mweka hazina, na nimeomba zile picha zifutwe. Nikazima simu kwa woga.

Asubuhi nimekuta sauti ya dakika 6. Picha kafuta. Waraka kausoma wote, kaniuliza maswali manne ambayo mimi mwenyewe sina majibu, moja ni je kuna shule hata moja hapa wilayani imetenga chumba cha kunyonyeshea. Kuhusu mweka hazina kasema shirika lake liliwahi kukaa miezi 9 bila mmoja, na kwamba Alhamisi hatutaongea kitu kingine.

@Kibarua wa Tanga nimempata mhasibu, alikuwa halmashauri kastaafu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Kaniuliza risiti ziko wapi nikamwonyesha mfuko wa rambo. Hajasema kitu, kavaa miwani tu.