Fungu la kumi: ni amri ama ni hiari?

Jamani nawaletea hii mada manake hapa Malindi imetugawanya tangu Jumapili. Mhubiri alisoma Malaki 3 akasema asotoa kumi kamili anamwibia Mungu, kutoka nje kijana mmoja akamwuliza mzee wa kanisa, sasa 2 Wakorintho 9:7 twaiweka wapi, si Paulo asema kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima? Hapo watu wakapandishiana sauti.

Mimi naona amri ipo na hiari ipo, tatizo hatuulizi ile kumi ilikuwa ya kula nani. Hesabu 18 zaka, yaani hiyo kumi, ni ya Walawi, kabila la watumishi wa ibada, kwa sababu hawakupewa ardhi. Halafu fungueni Kumbukumbu la Torati 14, mwenye mali aila zaka yake mwenyewe na jamaa zake mbele za Mungu, na kama njia ni ndefu auza, akifika anunua ng'ombe ama kondoo ama divai, na mwaka wa tatu yawekwa malangoni Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Hiyo mmeisikia mimbarini lini?

Ila mkanganyiko mkubwa kwangu si Malaki na Paulo, ni Paulo na Paulo. 1 Wakorintho 16 asema aliyaamuru makanisa ya Galatia na Wakorintho nao wafanye vivyo hivyo, kisha 2 Wakorintho 8:8, mchango ni ule ule wa watakatifu wa Yerusalemu, asema haneni ili kuwaamuru. Nikisoma pole pole naona alichoamuru ni utaratibu, kila siku ya kwanza ya juma mtu aweke akiba, lakini kiasi akakiacha "kwa kadiri ya kufanikiwa kwake". Kumi hakuitaja.

Na hii si hoja ya vitabuni tu. Kuna mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, jirani yetu, upepo wa kusi ukikaza mashua hazitoki, samaki wachache wanaopatikana awachukua kwa mkopo, mafuta kwa mkopo, jioni kwenye leso ana mia sita, na kati yake mia nne si zake. Atoe kumi ya ipi? Naye Jumapili akaambiwa mwizi mbele ya wanawe! Majirani zetu Waislamu zaka kwao ni faradhi kabisa, lakini ina nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali, asofikia hadaiwi, na mwenye deni ni mmoja wa wale wanaopewa. Nasi tuna 2 Wakorintho 8:12, mtu hukubaliwa kwa alivyo navyo si kwa asivyo navyo, mbona hatuisomi?

Najua mtaniletea Abramu alivyompa kuhani Melkizedeki kumi, kwamba kumi ilitangulia torati. Sawa, lakini zile zilikuwa nyara za vita, na hatusomi popote kwamba alirudia kila mwezi. Mathayo 23:23 ndiyo hoja nzito, Yesu awaambia Mafarisayo hayo ya zaka wasiyaache, siidharau, ingawa asema adili na rehema ndiyo makuu zaidi na hekalu lilikuwa bado limesimama.

Mchungaji naye lazima ale, hilo sibishani. Nataka mnaoshikilia kumi mnijibu moja: mkichukua Malaki, ule mwaka wa tatu wa mjane na mgeni mwaufanya lini, na kanisani kwenu nani anashika hesabu yake?