Kemikali ikisimamisha seli za uvimbe kwenye kisahani, tuiite dawa?

Mleta Mada: Kila mara nakutana na kichwa cha habari: mmea fulani "watibu saratani". Ukiingia ndani, kumbe dondoo lake limewekewa seli za uvimbe wa binadamu kwenye kisahani cha maabara, zikaacha kugawanyika. Ni halali kuita hiyo tiba?

Ngumi: Hata klorini inaua seli kwenye kisahani. Mbona huinywi?

Bi Shubiri: Dharau hizi ndizo zinazotukwamisha. Vinkristini imetoka kwenye ua la vinka, la Madagaska, na leo inatibu lukemia, saratani ya damu, ya watoto. Ungekuwepo wewe ungelimwaga pamoja na klorini yako.

Ngumi: Soma vizuri, mama. Ua hilo lilichunguzwa kama dawa ya kisukari. Sukari haikushuka, zilizoporomoka ni chembe nyeupe za damu za panya, ndipo wakashtuka. Na hawakugawa chai ya maua, walitenga kemikali yenyewe.

Bi Shubiri: Kwa hiyo imetoka kwenye ua. Ahsante kwa kukiri.

Pipeti: Mimi nashinda maabara, niwaambie. Sahani ina vishimo 96. Unapanda seli, kesho yake unaweka kemikali, unasubiri saa 48 au 72, halafu unadondosha kimiminika cha njano. Seli hai hukigeuza zambarau. Siku moja safu nzima ilibaki njano nikashangilia, kumbe kiyeyushio, yaani kimiminika nilichoyeyushia kemikali, ndicho kilichoziunguza; sikuwa nimeacha safu ya kiyeyushio kitupu ya kulinganishia. Tena rangi haikuambii kama seli zimekufa au zimesinzia. Chukua dawa mbili za saratani. Paklitakseli inakaza nyuzi zinazovuta kromosomu, seli inakwama katikati ya kugawanyika. Sisplatini inang'ang'ania DNA. Njia mbili mbalimbali, njano ileile. Na kurkumini, ile kemikali ya binzari, hapo kwenye kisahani inazuia karibu kila kitu, ila ukiimeza inavunjwa haraka, inayofika kwenye damu ni kiduchu. Hayo nayaona kila siku kwenye seli za yule mama Helen Lane, zinazozalishwa maabara mpaka leo.

Mjukuu wa Hoja: Simama hapo hapo. Helen Lane ni jina la kubandika. Anaitwa Henrietta Lacks. Walimkata kipande cha uvimbe wa shingo ya kizazi pale Johns Hopkins mwaka 1951, wakakipeleka maabara bila kumwomba, na mwaka huohuo akafariki. Seli zake unazo mkononi, jina lake huna?

Pipeti: Nimeteleza, samahani. Ila mimi sijamkata mtu.

Mjukuu wa Hoja: Mshahara unakula.

Ngumi: Enzi zile kuomba ridhaa haikuwa sheria. Tusiwahukumu watu wa 1951 kwa macho ya leo.

Bi Shubiri: Sheria haikuwepo, adabu nayo?

Ngumi: Familia yake si ilishamaliza kesi ya seli hizo 2023?

Mjukuu wa Hoja: Na Thermo Fisher, kampuni moja tu kati ya zinazofaidika na seli hizo. Wewe kila kitu kwako "kilishaisha".

Ngumi: Nimesema hivyo wapi? Nukuu.

Mleta Mada: Jamani, swali langu?

Ngumi: Nilikujibu mwanzoni. Klorini.

Bi Shubiri: Huyu na klorini yake wana undugu.

Mleta Mada: Basi niulize hivi: kichwa kikisema "yapunguza kasi ya seli za uvimbe kwenye kisahani", mtaridhika?

Bi Shubiri: Nani atakifungua hicho?

Pipeti: Mimi. Kiongeze na kipimo cha dozi, na kama seli za kawaida zilizokuwa pembeni zilinusurika. Zikifa zote ni sumu tu.

Mjukuu wa Hoja: Kiongeze na seli ni za nani.

Pipeti: Za wiki hii ni za uvimbe wa mapafu, maabara zinaitwa A549. Zilitoka kwa mwanamume wa miaka 58, mwaka 1972. Jina halipo.

Mjukuu wa Hoja: Unaona sasa.